Utulivu wa akili na huruma kwa nafsi: maswali ambayo wahudumu wa afya huuliza mara kwa mara

Nimeyaandika majibu haya nikiwa muuguzi mkunga, kwa ajili ya wauguzi, wakunga, madaktari, matabibu, watu wa maabara na famasia, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Maswali ni yale yanayorudi kila tunapokaa na watumishi baada ya zamu, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya rufaa. Soma lile unalolihitaji leo.

Mnazungumzia nini hasa?

Mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kuwapo pale ulipo. Unamtafutia mshipa mtoto aliyeishiwa maji. Mikono iko kwa mtoto, lakini akili imebaki kwa mama aliyefariki jana kitanda cha sita, na kipande kingine cha akili kinahesabu ada ya shule. Kuwapo ni kugundua kwamba akili imetoka, kisha kuirudisha kwa upole kwenye pumzi, kwenye nyayo zilizokanyaga sakafu, kwenye kile kimkono kidogo ulichokishika. Itatoka tena, na utairudisha tena. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo anayesema "mimi siwezi, akili yangu inatangatanga" tayari ameshaanza.

La pili ni huruma kwa nafsi: ukikosea, ukishindwa au ukiumia, ujitendee kama ambavyo ungemtendea mwenzako wa zamu aliyepatwa na jambo hilohilo. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ndiye aliyelieleza jambo hili kitaalamu mwaka 2003 na kuligawa sehemu tatu. Kuna upole kwako mwenyewe badala ya kujihukumu. Kuna kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni fungu la kila binadamu, hukuchaguliwa wewe peke yako. Na kuna kuyatazama maumivu yako jinsi yalivyo, bila kuyafukia na bila kuzama ndani yake. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayounganisha mambo yetu mawili, kwa sababu huwezi kuhurumia maumivu ambayo hujakubali kuyaona.

Je, hii si dini ya watu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Mazoezi mengi ya kutuliza akili yanayofundishwa hospitalini leo yana asili katika tafakuri ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, huko Worcester, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa ambao maumivu yao ya kudumu hayakuwa yamepata nafuu kwa tiba ya kawaida. Aliyachukua mazoezi hayo bila ibada yake: hakuna sala, hakuna sanamu, hakuna kiapo. Kilichobaki ni kuangalia pumzi, mwili na mawazo, kwa kozi ya wiki nane.

Mkunga Mwislamu anaweza kutulia ndani ya dhikri yake, Mkristo ndani ya sala yake fupi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na asiyetaka lolote kati ya hayo akahesabu pumzi tu. Jambo moja nalisisitiza: mtumishi asilazimishwe. Anayeona dhamiri yake inasita aachwe, na asiulizwe kwa nini.

Huku si kujidekeza? Si ndiyo tutalea uzembe?

Hapa ndipo wengi wetu tulipofungwa, hasa wauguzi. Tulifundishwa chuoni kwamba muuguzi mzuri ni yule anayejikaripia kabla hajakaripiwa na matroni. Tukaamini kwamba ule ukali wa ndani ndio unaowalinda wagonjwa.

Tazama kinachotokea kweli. Mama amejifungua, damu inatoka kupita kiasi, mkunga yuko peke yake, akachelewa kuita msaada. Mama ameokoka kwa shida. Mkunga anayejichukia kwa kosa hilo hufanya nini? Patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, iliyokuwa haijajazwa anaijaza baada ya tukio. Kwenye kikao cha kupitia tukio anakaa kimya, au anamsukumia lawama mwanafunzi. Usiku halali, na zamu inayofuata mikono inamtetemeka akiona mama mwingine mwenye mimba ya sita. Kosa halijasahihishwa, limefichwa. Ukali wote ule haukumlinda mgonjwa yeyote.

Sasa mchukue mkunga mwenye huruma kwa nafsi. Naye ameumia vilevile, na hajisemei kwamba hakuna kosa. Anajisemea: "Nilichelewa kumwita daktari. Inaniuma sana. Wakunga wengi wazuri wamewahi kuchelewa. Kesho nitauliza ile dripu ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu, inakaa wapi na nani anaitwa kwanza." Huyu anaweza kusimama kikaoni akaeleza kilichotokea, kwa sababu kusema ukweli hakutamvunja. Kwa hiyo mimi naiona huruma hii kuwa sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na kuhakiki jina kabla ya kuongeza damu.

Daktari Albert Wu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba kosa la kitabibu huwa na mwathirika wa kwanza, yaani mgonjwa na familia yake, na mwathirika wa pili, ambaye ni mhudumu aliyehusika. Hakumwondolea mhudumu wajibu. Alionyesha tu kwamba tunamwacha abebe peke yake, na kwamba hilo halimsaidii mtu. Nimeona wauguzi hodari wakiomba kuhamishwa leba baada ya tukio moja, bila hata mtu mmoja kuwauliza, "Wewe unaendeleaje?"

Mgonjwa wangu amefariki sasa hivi na mwingine anasubiri. Nifanye nini katika dakika mbili nilizo nazo?

Swali hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa kuwa ndiyo hali halisi ya wodi zetu.

Kama inawezekana, kabla vifaa havijaondolewa, simameni mlipo. Mmoja aseme kwa sauti ya kawaida: "Huyu alikuwa hai nasi. Alikuwa mama wa watu, mtoto wa watu. Tulifanya tulichoweza. Tukae kimya kidogo." Kisha kimya, chini ya dakika moja, kila mtu na imani yake. Utaratibu huu ulianzishwa na muuguzi wa idara ya dharura, Jonathan Bartels, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, na umeenea katika hospitali za nchi nyingi. Kwetu si mgeni hata kidogo, maana hakuna jamii ya pwani wala bara inayompita maiti bila kusimama. Hospitali ndiyo iliyotufundisha kumpita.

Kisha nenda kwenye sinki. Vua glavu, nawa mikono. Maji yakipita, sikia ubaridi wake. Toa pumzi ndefu kuliko ulivyoivuta, mara tatu. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha neva zinazopunguza kasi ya moyo, na hilo mwili hulifanya hata kama huamini. Ukishakausha mikono, weka mmoja kifuani. Kama watu wanakutazama, shika mkono mmoja kwa mwingine tu, hakuna atakayejua. Jisemee moyoni maneno matatu mafupi: "Hili limeniuma. Si mimi peke yangu. Nijitendee wema." Au jiambie pole, kama ulivyowaambia wagonjwa tangu asubuhi.

Halafu nenda kwa anayesubiri. Huzuni haijaisha, wala haitakiwi kuisha sinkini. Umeitambua tu, ili isije ikatoka kwa mgonjwa anayefuata ikiwa imegeuka ukali. Ukifika nyumbani itakuja tena. Ilie. Kulia baada ya zamu si udhaifu wa taaluma, na kwa wale wanaume wenzetu walioambiwa kwamba daktari halii: hilo nalo halimo katika mtaala wowote.

Mtoto akizaliwa mfu, ongeza jambo moja. Usikimbie kwenye daftari la takwimu. Kaa na mama kidogo, hata bila maneno, huku ukisikia nyayo zako sakafuni. Wakunga wengi huniambia wanamkwepa mama huyu kwa sababu hawajui la kusema. Hakuna la kusema. Kuwapo kwako ndiko anakokukumbuka miaka mingi baadaye.

Sina muda wa kukaa chini na kufumba macho. Zamu yangu ni mimi na wagonjwa arobaini.

Basi usikae wala usifumbe. Shirika la Afya Duniani lilishakupa muda: kutakasa mikono kwa kitakasa ni sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, na kuna nyakati tano za kufanya hivyo, kuanzia kabla ya kumgusa mgonjwa hadi baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hizo sekunde unazitumia tayari, au unapaswa kuzitumia. Tofauti ni kwamba akili iwe kwenye mikono badala ya kuwa kitanda kinachofuata. Ukilifanya hilo nusu ya mara unazonawa, mwisho wa zamu utakuwa umefanya mazoezi mengi kuliko mtu aliyekaa kwenye mkeka robo saa.

Nyakati nyingine nzuri: unapoweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa wodi, unapongoja mashine ya presha imalize kujaza upepo, unapotembea kutoka jengo la wazazi kwenda maabara. Unapopokea ripoti, msikilize anayekabidhi mpaka amalize. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika.

Nimeacha kuhisi chochote. Mgonjwa analia na mimi naona ananichelewesha. Je, roho yangu imekuwa ngumu?

Hapana. Kuna uwezekano mkubwa umechoka kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu huu uliopitiliza kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na kuutaja kwa dalili tatu: nguvu zimeisha kabisa, umejitenga na kazi kiakili au unaiona kwa dharau na uchungu, na unahisi hufanyi chochote cha maana tena. Limesema pia chanzo chake ni msongo wa kudumu kazini ambao haukushughulikiwa. Angalia chanzo kilipowekwa: kazini. Hakuna palipotajwa roho ngumu.

Ganzi ni njia ya mwili kujikinga. Ukibeba maumivu ya kila mgonjwa kana kwamba ni yako, siku moja swichi hujizima yenyewe. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki, waliofanya kazi pamoja mjini Leipzig, Ujerumani, walionyesha tofauti iliyonisaidia sana. Kuhisi maumivu ya mwingine ndani yako huamsha ubongoni maeneo yanayohusika na maumivu, na watu waliofunzwa kufanya hivyo tu waliishia na hisia mbaya zaidi. Walipofunzwa huruma, yaani kumtakia mteswaji nafuu kwa moyo wa ukunjufu, maeneo mengine yaliamka, na hisia za upendo na nguvu zikarudi. Kwa maneno mengine, kinachotumaliza si huruma. Kinachotumaliza ni kuumia pamoja na kila mtu bila kupata pa kupumulia.

Zoezi lake ni jepesi. Ukiwa na mgonjwa mwenye maumivu, vuta pumzi kwa ajili yako, toa pumzi kwa ajili yake. Moja yangu, moja yako. Kama leo umechoka sana, vuta mbili zako kwa moja yake. Unabaki chumbani, na wewe nawe umo katika hesabu ya wanaohudumiwa. Unaweza pia kujikumbusha kimoyomoyo: "Sikuuleta mimi ugonjwa huu, na si wote ulio ndani ya uwezo wangu kuuondoa. Nitafanya sehemu yangu."

Tatizo letu ni upungufu wa watumishi, dawa na mishahara. Mnatuletea pumzi?

Una haki ya kukasirika, na nasimama upande wako. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili nchi iweze kufikia malengo ya maendeleo endelevu ya afya. Sehemu kubwa ya Afrika iko chini kabisa ya hapo. Madaktari wa hospitali za umma Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliokwisha kusainiwa mwaka 2013. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kupumua ili aache kudai.

Kwa hiyo niseme bila kuzunguka: kiongozi anayekataa kuajiri, anayechelewesha posho ya masaa ya ziada, kisha akaleta semina ya utulivu, anawadhulumu watumishi mara mbili. Anageuza kosa la mfumo kuwa udhaifu wa mtu. Semina ya namna hiyo mkiiona, ulizeni ratiba ya zamu inabadilika lini.

Utafiti nao unasema hivyo. Mwaka 2016 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Colin West na wenzake uliojumlisha majaribio 15 ya nasibu na tafiti nyingine 37 juu ya uchovu wa madaktari. Hatua za mtu binafsi, utulivu wa akili ukiwamo, zilisaidia. Hatua za taasisi, kama kupanga upya masaa ya kazi, nazo zilisaidia. Kwa jumla, madaktari waliochoka kupita kiasi walishuka kutoka asilimia 54 hadi 44. Si kidogo. Lakini asilimia 44 bado ni watu wengi mno.

Huruma kwa nafsi ina kazi yake mahususi katika hali yetu. Mwaka 1984 Andrew Jameton, aliyekuwa akiandika juu ya maadili ya uuguzi, alieleza maumivu ya mtu anayejua jambo sahihi la kufanya lakini taasisi inamzuia kulifanya. Mama anahitaji damu, benki ya damu ni tupu. Watoto wawili, mtungi mmoja wa oksijeni. Unayejua cha kufanya ndiye unayeumia zaidi, na usiku unajihukumu kana kwamba mtungi wa pili uliuficha wewe. Huruma kwa nafsi inakusaidia kutenganisha: hili langu, hili la bohari, hili la wizara. Na mtu aliyeacha kujilaumu kwa makosa yasiyo yake hupata nguvu za kuandika barua, kwenda kwenye chama cha wafanyakazi, kusema kikaoni. Sijawahi kuona aliyejichukia sana akidai haki za wengine kwa muda mrefu.

Ndugu wa mgonjwa wananitukana. Nimefokewa na kiongozi mbele ya kamera. Nitajihurumiaje hapo?

Kwanza mwili. Moyo unakwenda mbio, masikio yanawaka, jibu la hasira liko mdomoni. Sikia nyayo zako. Zikanyage sakafu kwa nguvu ndani ya viatu. Usijibu mpaka utoe pumzi moja ndefu. Kwa ndugu wa mgonjwa, mara nyingi ukitaja woga wao, sauti inashuka: "Naona mna wasiwasi sana na baba. Naomba nimalize kumwekea dawa, kisha niwaeleze." Wasiposhuka, ita mlinzi, ita mwenzako. Huruma haimaanishi kusimama upigwe.

Kuhusu kiongozi anayemfokea muuguzi hadharani ili video isambae: ni udhalilishaji, hata kama kulikuwa na kosa. Makosa ya kitaaluma yana baraza lake na utaratibu wake. Ukipatwa na hilo, usikae peke yako siku hiyo. Usisome maoni ya watu kwenye simu. Mtafute mtu mmoja anayekujua kazini na umweleze yote. Na nyie wenzake mliotazama mkanyamaza, mfuateni. Akae nanyi, ale chakula.

Nikitoka kazini bado niko kazini. Hodi hazikomi.

Hili ni la kwetu hasa, na halimo katika vitabu vya ng'ambo. Nyumba ya mtumishi iko hatua chache kutoka zahanati. Umetoka zamu ya usiku, saa tatu asubuhi jirani anabisha, mtoto ana homa. Shangazi anapiga simu kutoka kijijini, anataka jina la dawa. Jumapili baada ya ibada umezungukwa. Watu hawakuoni kama mtu aliyepumzika, wanakuona kama zahanati inayotembea. Na sisi tumelelewa kwamba kumfungia mtu mlango ni unyama.

Sisemi ufunge mlango kwa mtoto mwenye degedege. Nasema kuna hodi za aina mbili, na wewe mtaalamu unazijua kuzitofautisha. Dharura unaamka. Isiyo dharura unajibu kwa upole na kwa uthabiti: "Mama, kwa sasa sioni vizuri kwa usingizi, naweza kukosea. Mpelekeni zahanati, yuko mwenzangu wa zamu." Hiyo si hila, ni kweli, mtu aliyekesha hukosea dozi. Mwambie mwenzako wa nyumbani apokee simu unapolala. Ukihisi hatia, na utaihisi, itambue kama hatia ya mtu anayejali, kisha lala.

Kwa wanaopinga hili, ninawakumbusha kiapo cha madaktari cha Chama cha Madaktari Duniani, kijulikanacho kama Azimio la Geneva. Kilipofanyiwa marekebisho Chicago, Oktoba 2017, kiliongezewa ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe, ustawi wake na uwezo wake, ili atoe huduma ya kiwango cha juu kabisa. Kiapo chenyewe kinakutaka ulale.

Kila nikikaa kimya naumia zaidi. Picha zinarudi. Nimekosea zoezi?

Hujakosea. Mtu aliyejikaza miaka mingi, upole ukimgusa mara ya kwanza, maumivu ya zamani hupanda kwa kishindo. Christopher Germer, aliyeshirikiana na Neff kutengeneza kozi ya kujihurumia, huwaandaa watu kwa hali hii mapema. Fungua macho. Acha pumzi, rudi kwenye nyayo, au shika kitu baridi, au tembea uwanjani ukihesabu miti. Fanya muda mfupi, dakika moja tu. Kama picha zinazorudi ni za kifo ulichoshuhudia, za kushambuliwa, au za wimbi la UVIKO-19, na zinakuja hata usipozialika, usiendelee peke yako. Mtafute mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili. Zoezi litakusubiri.

Nitajuaje kwamba hili limezidi mazoezi haya?

Hulali wiki kadhaa hata usiku usio na zamu. Unakunywa pombe ili ulale. Umechukua dawa ya usingizi au ya maumivu kutoka wodini kwa ajili yako. Umeacha kula, umeacha kusali kama ulikuwa unasali, umeacha kuwajibu watoto wako. Au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usingekuwapo.

Hilo la mwisho mwambie mtu leo, si kesho. Sisi tunajua dawa zipi huua na kwa kiasi gani, ndiyo maana mawazo haya kwetu ni hatari zaidi. Mpigie mtu unayemwamini na umwambie kwa maneno ya wazi, asikuache peke yako, muende hospitali pamoja. Tanzania, namba ya Wizara ya Afya ni 199. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea simu za msaada wa kisaikolojia kwa 1199. Zote hazina gharama.

Wengi wanaogopa kutibiwa mahali wanapofanya kazi, kwamba faili litasomwa na wenzao. Woga huo una msingi, kwa hiyo nenda hospitali nyingine, hata ya mkoa mwingine kama unaweza. Mirembe pale Dodoma na Mathari kule Nairobi wamewatibu watu wa kila kazi, wa afya wakiwamo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tumewaambia wagonjwa maneno haya miaka yote.

Mimi ni mfawidhi wa wodi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ratiba. Mtumishi asiyepangiwa zamu ya usiku na kisha ya asubuhi inayofuata hahitaji somo la kwanza la utulivu. Linda muda wa chakula, hata wa zamu fupi, na uonekane wewe mwenyewe ukila.

Kwenye ripoti ya asubuhi, kabla ya kitanda cha kwanza, toeni pumzi tatu mkiwa mmesimama, macho wazi. Asiyetaka asimame tu. Kwenye kikao cha kupitia kifo, uliza nini kilitokea na mfumo ulikwama wapi kabla ya kuuliza nani alikuwapo. Aliyehusika na tukio zito mtafute siku hiyohiyo, muulize anaendeleaje, kisha umuulize tena baada ya wiki, kwa kuwa wengine huanguka baadaye. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wasiachwe peke yao na maiti yao ya kwanza.

Mkipata fedha za kozi, Neff na wenzake wana muundo uliotengenezwa kwa wahudumu wa afya, vikao sita vya saa moja moja, mazoezi yake yakifanyika kazini hapohapo. Lakini usisubiri fedha. Na wewe nawe pata wa kuzungumza naye: mfawidhi wa idara nyingine, mtu asiye chini yako wala juu yako, mkae angalau mara moja kwa mwezi na simu zikiwa zimezimwa.